Pilipili wa Guildford: kumzoesha chatu mdogo mwenye hasira

Nyumbani kwetu Guildford tuna chatu. Naona bora niliseme moja kwa moja, maana habari imeshazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya Waswahili wa magharibi mwa Sydney, na kila inapopita kwa mtu mmoja nyoka anaongezeka urefu. Mama mmoja wa Blacktown alinipigia kuuliza kama ni kweli joka letu lina mita nne na linalala kitanda kimoja na mtoto. Hapana, mama. Ana sentimita 50. Analala kwenye kabati lake la kioo lenye kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Lakini wapo wasomaji walioniandikia kwa nia nyingine. Watoto wao nao wameanza kuomba. Wanasoma na watoto wa Kiaustralia ambao nyumbani wana mijusi na nyoka kama sisi tulivyokuwa na kuku na mbuzi, na wanauliza: kwa nini sisi hatuwezi? Mzazi mmoja, baba wa watoto watatu kule Perth, ameuliza swali ambalo ndilo kiini cha safu ya mwezi huu: "Dada nesi, nyoka mdogo mwenye kuuma kila akiguswa anaweza kweli kuzoea watu, au mnajidanganya?"

Anaweza. Ila inabidi tuelewane neno "kuzoea" lina maana gani, na ni nani hasa anayefundishwa.

Ilivyoanza

Mwanangu mkubwa ana miaka 12. Tulipohamia hapa alikuwa na 9, na kwa muda mrefu walimu walituandikia kwenye ripoti kwamba ni mtoto mtulivu sana. Mimi ni nesi. Wodini mgonjwa akiwa "mtulivu sana" hatushangilii, tunakwenda kumwangalia. Alikuwa anajibu kwa neno moja. Kiswahili chake kilikuwa kinapungua, na Kiingereza hakikuwa kimejaa nafasi iliyoachwa.

Kisha shule ikawapeleka kwenye hifadhi ya Australian Reptile Park kule Somersby, kaskazini mwa Sydney, mahali ambapo nyoka hukamuliwa sumu ili itengenezewe dawa ya kuzuia sumu, hiyo hiyo inayookoa watu hospitalini. Jioni ile alizungumza tangu tulipoanza kula mpaka vyombo vilipooshwa. Alizungumza Kiswahili, tena kwa haraka, akitafuta maneno: gamba linaitwaje, sumu inaitwaje, nyoka anajivuaje. Baba yake alinitazama juu ya sahani. Wiki mbili baadaye mtoto akaleta ombi lake, ameliandika kwenye karatasi, na gharama amezipigia hesabu.

Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi kama mama siupendi msemo huo, na kama nesi nimewashona walioupewa. Lakini nilisoma ile karatasi mara mbili, tukakaa na baba yake, tukakubaliana kwa masharti. Baba alitoa sharti moja tu: kufuli. Na akasema yeye hatamgusa. Mpaka leo hajamgusa.

Sheria kwanza, nyoka baadaye

Hapa New South Wales hununui chatu kama unavyonunua kuku. Unahitaji leseni ya jimbo ya kufuga wanyama wa asili, na mwombaji lazima awe na miaka 16 au zaidi. Kwa hiyo mwenye nyoka kisheria ni mimi, si mtoto. Leseni ina madaraja. La kwanza ni la wanyama wasio na hatari kubwa, walio rahisi kutunza. Nyoka wenye sumu wako daraja la pili, na huko mimi sina haja. Mnyama lazima atoke kwa mfugaji mwenye leseni. Kuokota nyoka porini ukamfanya wako ni kosa. Ukihamia jimbo jingine unahitaji kibali cha kumhamisha. Na wale wanaoona kwenye video za Marekani nyoka wekundu wa mahindi na chatu mpira wa Afrika, wasahau: nyoka wa kigeni hawaruhusiwi kufugwa nyumbani Australia, kwa hofu ya kuingiza magonjwa na viumbe vitakavyovamia pori.

Kama mnapanga nyumba, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoa senti. Sisi tulifanya hivyo, jibu likachukua wiki tatu. Mtoto alijifunza kusubiri kabla hata ya kumwona nyoka.

Tuliyemchukua anaitwa chatu wa Children. Msidhani maana yake ni chatu wa watoto. Jina linatokana na Mwingereza John George Children, na mtaalamu aliyemwelezea kisayansi ni John Edward Gray, mwaka 1842. Ni chatu wa kaskazini mwa Australia. Akikua sana hukaribia mita moja hivi, hana sumu, na porini hujulikana kwa kuning'inia kwenye milango ya mapango akidaka popo wanaporuka kutoka. Anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Rudia kusoma sentensi hiyo, mzazi: mtoto atamaliza shule, ataoa, na nyoka yupo.

Kwa nini mdogo ndiye mkali

Alifika mwezi wa nne ana urefu wa rula ya shule, mwembamba kama penseli. Mfugaji alipofungua kiboksi, kile kijitu kilijikunja shingo kama herufi S, kikafumbua mdomo, kikarusha kichwa mara tatu kwa hewa. Mwanangu akacheka, akasema, "Mama, huyu ni pilipili." Jina likabaki.

Watu wengi hudhani nyoka anayeuma ana roho mbaya. Fikiria hali yake. Ametoka yaini juzi. Hana mama wa kumlinda, kwa aina hii mama akishamaliza kuatamia kazi yake imekwisha. Kila kiumbe anayemwona anamla: ndege kookaburra, kenge, paka, hata nyoka wenzake. Kila hatari huja kutoka juu. Halafu linakuja jitu lenye joto, zito, linanyoosha mkono kutoka juu. Wewe ungefanya nini? Hana mikono, hana kwato, hana sauti. Ana mdomo tu.

Wodini tunawaona watu wa namna hiyo. Mzee aliyechanganyikiwa anaamka usiku asijue yuko wapi, nesi anakuja na sindano, mzee anapiga. Hatuandiki kwamba ni mtu mkorofi. Tunaandika kwamba ameogopa, kisha tunabadilisha namna ya kumwendea: tunatokea upande anaotuona, tunakwenda polepole, nesi yule yule, saa ile ile, hatumbani kwa nguvu pasipo lazima. Nilimwambia mwanangu: mwendee Pilipili kama mgonjwa wa aina hiyo.

Hatua tulizofuata

Nazieleza kwa mpangilio kwa sababu mmeuliza, na kwa sababu siri yote iko kwenye mpangilio.

Kwanza, nyumba yake. Nyoka asiye na mahali pa kujificha hawezi kutulia, na asiyetulia atauma. Pilipili ana mapango mawili madogo, moja upande wa joto, jingine upande wa baridi, kusudi asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Upande wa joto tunaweka nyuzi 32 hivi, wa baridi karibu 25, na chombo cha joto kinaongozwa na kidhibiti joto, si kwa kukisia. Majira ya baridi ya Sydney hayachezewi. Maji safi kila siku. Kabati lenyewe si kubwa mno, maana kwa nyoka mdogo nafasi kubwa na tupu ni kama mtoto kuachwa katikati ya uwanja wa mpira.

Pili, kutomgusa. Wiki tatu nzima mtoto hakumshika. Alibadilisha maji, akaondoa uchafu, basi. Tulitaka Pilipili ale mara tatu mfululizo bila kutapika kabla mtu hajaanza kumzoesha. Nyoka anayekula ni nyoka aliyeanza kuamini kwamba hapa si pa kufa.

Chakula ni kitoto cha panya kilichogandishwa, mara moja kwa wiki. Ndiyo, kwenye friza. Na ndiyo, nilijua mtakachosema. Panya wana kifriza chao kidogo kwenye karakana, samaki wangu wana changu jikoni, na havijawahi kukutana. Kitoto cha panya kinayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko, kinapewa kwa koleo ndefu, kamwe si kwa vidole. Kidole kinachonuka panya na kina joto ni chakula, hapo usimlaumu nyoka. Chatu wana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na ulimi ndio unaokusanya harufu.

Tatu, siku zenyewe. Tulianza mwezi wa tano: mara nne kwa wiki, saa moja jioni baada ya kazi za shule, dakika tano tu. Kabla ya kushika, mikono inaoshwa kwa sabuni. Mlango unafunguliwa taratibu. Anaguswa kwanza kwa kijiti laini kilichopinda, mguso mwepesi ubavuni, ili ajue kwamba leo si siku ya chakula. Kisha mkono unaingia kutoka pembeni, chini, si kutoka juu, unapita chini ya tumbo lake katikati ya mwili na kumwinua. Ukishaanza usisite. Mkono unaosogea na kurudi, kusogea na kurudi, ndio unaomtia hofu. Hashikwi kichwa, habanwi shingo. Anapita juu ya viganja kama anavyopita juu ya matawi: mkono mmoja unamwachia, mwingine unampokea.

Nne, akiuma. Ataumiza moyo zaidi ya ngozi. Meno ya kinyoka kile ni kama ncha za sindano ndogo, yamepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo usivute mkono kwa nguvu, utajichana na kumng'oa meno. Tulia, ataachia. Mwanangu aliumwa siku ya kwanza: vitone vinne vya damu. Tukaosha kwa maji ya bomba na sabuni, nikakagua kadi yake ya chanjo ya pepopunda, tukaendelea. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipindua: ukimrudisha nyoka nyumbani mwake mara tu anapouma, umemfundisha kwamba kuuma kunalipa. Tulisubiri atulie, hata kama ni kwa sekunde thelathini, ndipo tukamrudisha. Siku inaishia kwenye utulivu. Lakini akiwa anahema kwa nguvu na kurusha kichwa mfululizo bila kupoa, leo si siku yake, mwache. Kuna mpaka kati ya kumzoesha na kumtesa, na mtoto lazima aujue.

Tano, siku za kupumzika. Baada ya kula hashikwi kwa saa 48, maana atatapika. Na hashikwi anapojivua gamba. Neno hilo mwaka 2011 lilijaa kwenye magazeti ya Tanzania kwa sababu za siasa, hapa nalitumia kwa maana yake ya asili. Macho yake hugeuka meupe ya buluu kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Haoni vizuri, ngozi inamwasha, ana kila sababu ya kuwa mkali. Siku chache baadaye macho husafika, kisha gamba linatoka zima kama soksi. Mwanangu anayo sita, amezibandika kwenye daftari.

Chati ya nesi

Daftari hilo ndilo jambo ninaloliona la thamani kuliko nyoka mwenyewe. Nilimchorea safu kama za chati ya wodini: tarehe, saa, dakika alizoshikwa, amejaribu kuuma mara ngapi, amekula lini, hali ya macho, maoni. Anaandika kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa sharti langu.

Mwezi wa tano ukurasa umejaa. "Amepiga mara 6." "Amepiga mara 4, moja imepata." "Amepiga mara 5, amenikojolea." Katikati ya mwezi huo mtoto aliweka kalamu chini akasema haifai kitu, Pilipili anamchukia. Sikumwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia arudi nyuma asome tena, si siku moja moja, bali wiki kwa wiki, kama daktari anavyosoma joto la mgonjwa. Akasoma. Wiki ya kwanza mara 21. Wiki ya tatu mara 14. Nyoka alikuwa anabadilika mbele ya macho yetu, ila kwa mwendo ambao jicho la mtoto wa miaka 12 haliwezi kuuona bila karatasi.

Mwezi wa sita kukawa na siku za sifuri. Mwezi wa saba akajivua, akarudi kuwa mkali kwa wiki nzima, mtoto hakulia tena, akaandika: "Macho ya maziwa. Tusubiri." Mwezi wa nane dakika zikafika 15. Leo anapofunguliwa mlango hutoa kichwa pangoni, anachezesha ulimi, kisha anakuja mwenyewe kwenye kiganja, kwa sababu kiganja ni cha moto.

Sasa nimjibu yule baba wa Perth. Pilipili hatupendi. Nyoka hana mapenzi ya mbwa anayekukimbilia mlangoni. Alichojifunza ni kwamba mikono hii, yenye harufu hii, saa hii, haijawahi kumla. Hofu imepungua kwa kurudiwa rudiwa kwa jambo lisilo na madhara. Ni hilo tu. Lakini fikirini ni watu wangapi tunaishi nao tunaotamani wangefika hapo.

Bibi wa Magu na wageni wetu

Ndani ya nyumba tulifanikiwa mapema kuliko nje. Kina mama wa chama chetu cha kila mwezi walisikia, na zamu yangu ya kupokea wageni ilipofika walikuja wawili kati ya kumi na mmoja. Mmoja alikaa karibu na mlango, viatu miguuni. Siwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wengi wetu tumetoka mahali ambapo nyoka si kichekesho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao vijijini Asia na Afrika, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Hapa Australia, pamoja na sifa zake za nyoka wakali, wanaokufa katika mwaka wa kawaida huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nyoka wa huku si wapole. Tofauti ni gari la wagonjwa, dawa na umbali. Mama anayeogopa nyoka kwa sababu jirani yake alizikwa si mshamba. Anakumbuka.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu: wageni wakija, kabati linafunikwa kitambaa, chumba kinafungwa, na mtoto haruhusiwi kumleta nyoka sebuleni "kuwashangaza". Kumtisha mgeni kwa nyoka ni utovu wa adabu kama mwingine wowote. Mwezi uliofuata walikuja saba.

Kizito zaidi kilikuwa simu ya Magu. Mama yangu ni mtu wa kanisa, na kwake habari ya nyoka inaanzia bustani ya Edeni. Mwanangu alimpigia mwenyewe. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Nasikia umeniolea mke mwenza, tena joka?" Walicheka, kisha bibi akanyamaza kidogo, akaanza kumsimulia jambo ambalo mimi sikuwahi kusimuliwa: kwamba mjomba wake alikuwa mcheza ngoma wa nyoka.

Wasukuma wanawafahamu Bayeye, chama cha waganga na wacheza ngoma wanaoshika nyoka na kutibu walioumwa. Wanaopita Mwanza wakifika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, wataonyeshwa habari zao, na kwenye ngoma za Bulabo mwezi wa sita chatu bado anaonekana akizungushwa mbele ya watu. Mtoto alikuwa na maswali. Walikuwa wanamlisha nini? Walikuwa wanamshika wapi? Bibi hakujua yote, akaahidi kuuliza wazee. Sasa wanapigiana kila Jumapili. Miaka mitatu nilikuwa namlazimisha mtoto huyu azungumze na bibi yake, ananiambia hana cha kusema.

Jambo ambalo halina mzaha

Nimeliacha mwishoni kwa sababu ndilo nililolihofia tangu siku ya ile karatasi. Mtoto anayezoea chatu anaweza kudhani amezoea nyoka. Hapa kwetu ipo njia ya miguu na baiskeli kando ya mfereji wa zamani wa maji, na vijito vyenye majani marefu. Magharibi mwa Sydney wapo nyoka weusi wenye tumbo jekundu na nyoka wa kahawia wa mashariki, na huyo wa mwisho ni miongoni mwa wenye sumu kali zaidi duniani. Na likizo tukienda nyumbani, kuna kifutu kando ya njia, swila na koboko. Hao hawazoeshwi na mtoto. Hao ni wa kuachwa.

Kwa hiyo sharti la mwisho lilikuwa hili, na lilisomwa kwa sauti: kila unachojifunza kwa Pilipili, kwa nyoka wa nje kinakuambia urudi nyuma. Ukiona shingo ya S, unajua ameogopa, basi mwondolee sababu ya kuogopa, ondoka.

Mwezi wa kumi, jua la kwanza la joto, tulikuwa tunatembea watoto wakiwa mbele. Mwanangu alisimama ghafla, akanyoosha mkono kumzuia mdogo wake kifuani. Mita nne mbele, mweusi unaong'aa, ubavu mwekundu, amejinyoosha kwenye jua. Sikusikia kelele. "Tunarudi nyuma polepole," akamwambia dada yake kwa Kiswahili. "Hatuoni kama adui bado. Tusimpe sababu." Tukasubiri. Nyoka akaingia majani. Tukaendelea.

Kwa faida ya kila familia, hata isiyofuga kitu: mtu akiumwa na nyoka Australia, mkalishe au mlaze chini, asitembee. Usioshe jeraha, mabaki ya sumu yanaweza kuwasaidia hospitalini kujua aina ya nyoka. Funga bandeji pana kwa mkazo kuanzia penye jeraha, kisha kiungo chote, weka ubao au kitu kigumu kisiwezeshe kiungo kujikunja, piga 000. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usimfukuze nyoka. Nyumbani Afrika Mashariki ni vilevile kuhusu kukata, kunyonya na kamba: usifanye. Tuliza kiungo kisisogee, kimbiza hospitali. Lakini ile bandeji ya kubana si ya kila nyoka. Kwa aina kama kifutu, ambaye sumu yake huharibu nyama, kubana kunaweza kuongeza madhara.

Nanyi mnaotaka kukubali ombi la mtoto, jiulizeni haya kabla. Je, kuna mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu nyumbani? Reptilia hubeba vijidudu vya salmonela, hivyo hao wakae mbali, na wengine wote wanawe mikono kila wanapomshika, wala nyoka asipite jikoni. Je, leseni itakuwa kwa jina la nani? Umeme wa joto utalipwa na nani? Mkisafiri wiki sita kwenda Dar, nani atabaki naye? Na mtoto akichoka akiwa na miaka 15, wewe mzazi uko tayari kumshika?

Hilo la mwisho nimelijibu kwa vitendo. Jumanne mwanangu ana mazoezi ya mpira, kwa hiyo Jumanne ni zamu yangu. Naosha mikono, nagusa kwa kijiti, naingiza mkono kutoka pembeni. Kwenye daftari nimeandika kwa mwandiko wangu wa wodini: dakika 10, kupiga 0. Baba yake hupita kwenye korido, huchungulia, na kuuliza swali lake lile lile: "Kufuli?"

Lipo, mume wangu. Lipo.